Hesabu Mistari, Usihesabu Hatua: Kipanga Kazi na Kache ya Prosesa

Hotuba kwa wanafunzi na waandishi wa programu, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullah.

Maalim mwenyekiti, walimu wa skuli na vyuo, wazazi mliokuja kutusikiliza, na nyinyi vijana ambao ndio hasa niliowakusudia: ahsanteni kwa kuitika, na poleni na joto la ukumbi.

Nimeombwa nizungumzie kipanga kazi. Ndani ya kila kompyuta na kila simu imo programu ambayo shughuli yake ni kuamua, maelfu ya mara katika sekunde moja, kazi gani ishike prosesa sasa na ipi ingoje. Hakuna anayenunua simu kwa sababu ya kipanga kazi chake. Hakionyeshi picha, hakipeleki ujumbe, hakipigi hesabu ya mshahara wa mtu. Ndiyo maana nakiona kina wajibu mzito kuliko programu nyengine: muda wote kinaoutumia kimeuchukua kwa mwenye kazi. Na hakichukui muda peke yake. Kinachukua na nafasi ndani ya kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, nafasi ambayo kazi iliyokuwa ikiendelea ilikuwa imeijaza data yake.

Chuoni tunafundishwa kupima muundo wa data kwa idadi ya hatua. Orodha ya mnyororo hatua nyingi, mti hatua chache, na kadhalika. Kwa kipanga kazi kipimo hicho hakitoshi, na mara nyingi kinapotosha. Mimi nakuombeni mhesabu kitu chengine: ni mistari mingapi ya kache, yaani mafungu ya baiti yanayochukuliwa kwa pamoja, inayoguswa kila kipanga kazi kinapoitwa, na nani mwengine anaiandika mistari hiyo hiyo. Maneno yangu yote ya leo yatazunguka hapo.

Tuanze na bei. Prosesa ya GHz 3 hupiga mapigo matatu kwa nanosekunde moja. Data ikiwa kwenye kache ya ngazi ya kwanza, inapatikana kwa mapigo manne au matano. Ngazi ya pili, kumi na kitu. Ngazi ya tatu, arubaini na zaidi. Ikibidi kwenda mpaka kumbukumbu kuu, ni nanosekunde 80 mpaka 100, yaani mapigo 240 mpaka 300. Katika muda huo prosesa ingeweza kufanya mamia ya majumlisho. Kwa hivyo ukiniambia algoriti yako imepunguza ulinganisho kumi lakini imeongeza safari moja ya kumbukumbu kuu, umenitia hasarani.

Na kumbukumbu haitoi baiti moja moja. Hapa Pemba nyote mnajua karafuu inavyochumwa. Mchumaji akiwa juu ya mkarafuu hateremshi punje moja moja. Huvunja kishada kizima, na majani yake na makonyo yake, na kuchambua hufanywa chini, jamvini. Kumbukumbu nayo ni vivyo hivyo. Ukiiomba baiti moja, prosesa za Intel, za AMD na nyingi za ARM hukuteremshia baiti 64 kwa pamoja. Hizo 64 ndizo mstari mmoja wa kache. Ikiwa ndani yake unazozihitaji ni nane tu, umepanda mkarafuu kufuata makonyo. Na tofauti iliyopo ni kwamba makonyo yana bei yake yakikauka. Baiti usizozihitaji hazina bei yoyote, zinakula nafasi tu.

Nafasi yenyewe ni finyu. Kache ya kwanza ya data katika prosesa nyingi ni KB 32. Igawe kwa 64, unapata mistari 512. Kipanga kazi kinachogusa mistari 50 kila kinapoitwa kimemfukuzia mwenye kazi karibu sehemu moja ya kumi ya kache yake ya kwanza, na mwenye kazi atakaporudi atailipia gharama hiyo bila kujua imetoka wapi. Hata vipimo havitaiandika kwa jina la kipanga kazi. Itaonekana kama programu ya mtu imekuwa nzito.

Sasa nataka tutazame kwa karibu mfano mmoja wa kale, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo watu wengi hulikosa hata leo. Katika toleo la 2.4 la mfumo endeshi wa Linux, kazi zote zilizo tayari zilikuwa kwenye orodha moja kwa mashine nzima, na kufuli moja la kuzuia wawili wasiibadilishe kwa wakati mmoja. Kila ilipobidi kuchagua, kerneli, yaani moyo wa mfumo huo, ilipita orodha yote na kuipa kila kazi alama. Kila mtu huisema kwa ubaya njia hiyo kwa sababu hatua zake huongezeka kadiri kazi zinavyoongezeka. Ni kweli. Lakini lilikuwapo tatizo jengine ambalo hesabu ya hatua hailionyeshi.

Kwenye prosesa za Intel za biti 32, maelezo ya kila kazi yaliwekwa chini kabisa ya staki yake ya kerneli, yaani eneo la kumbukumbu la data za muda, na staki hiyo ilikuwa KB 8, ikianzia daima kwenye anwani inayogawika kwa 8192. Kumbukeni hapo kwamba kache haiweki mstari popote ipendapo. Imegawika vikundi, na anwani ya mstari ndiyo inayoamua mstari uingie kikundi gani. Pentium III ilikuwa na kache ya data ya KB 16, mistari ya baiti 32, na kila kikundi kilikuwa na nafasi nne. Pigeni hesabu: KB 16 gawa kwa 32 ni mistari 512, gawa kwa nne ni vikundi 128, na vikundi 128 vya baiti 32 ni baiti 4096. Maana yake, anwani mbili zinazopishana kwa 4096, au kwa kiasi chochote kinachogawika kwa 4096, huangukia kikundi kimoja.

Basi tazameni yaliyotokea. Kila kazi imeanzia kwenye anwani inayogawika kwa 8192. Sehemu ya kipaumbele iko umbali ule ule kutoka mwanzo katika kila kazi. Kwa hivyo vipaumbele vya kazi zote, ziwe kumi, ziwe mia, vinagombania kikundi kimoja chenye nafasi nne. Kazi ya tano ikisomwa, mmoja wa wanne wa mwanzo anatolewa. Vikundi vyengine 127 vinaweza kuwa havina shughuli wakati huo, na bado hapa watu wanasukumana. Hakuna kosa katika algoriti, hakuna mstari wa programu ulioandikwa vibaya. Ni mahali tu zilipowekwa data.

Dawa ya ugonjwa huu ilikwisha kujulikana. Jeff Bonwick alipoandika kigawa kumbukumbu cha mfumo endeshi wa Solaris 2.4, mwaka 1994, alikifanya kianzishe vitu kwenye umbali tofauti tofauti, ili visirundikane kikundi kimoja. Linux 2.6 nayo ikayaondoa maelezo ya kazi kwenye staki na kuyaweka mahali pake, ikabakisha kwenye staki kipande kidogo tu. Nawasihi vijana: mkiona mahali pametengwa ukubwa wa 4096 au 8192 kwa kila kitu, na vitu hivyo vinapitiwa kwa mfululizo, simameni mpige hesabu ya vikundi kabla ya kuendelea.

Mwanzoni mwa 2002 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, alileta kipanga kazi kipya, na kikatoka rasmi na Linux 2.6 mwezi wa Disemba 2003. Sifa yake kubwa iliyotangazwa ilikuwa kwamba kuchagua kazi kunachukua hatua zile zile, kazi ziwe tatu au elfu tatu. Mimi ninachokipenda zaidi ni umbo lake. Vipaumbele vilikuwa 140. Kwa kila kipaumbele biti moja: 1 maana yake yupo anayengoja, 0 hayupo. Biti 140 kwenye mashine ya biti 64 ni maneno matatu, baiti 24. Ramani yote ya biti hizo inaingia ndani ya mstari mmoja na nafasi inabaki, na prosesa ina amri maalumu ya kutafuta biti ya kwanza iliyowashwa. Vichwa vya foleni 140, kila kimoja vielekezi viwili vya baiti 8, yaani anwani za mahali vitu vilipo, ni baiti 2240, sawasawa na mistari 35. Lakini hugusi yote, unagusa kile tu ulichoonyeshwa na ramani. Mstari mmoja wa ramani, mmoja wa kichwa, kisha kazi yenyewe. Mpaka leo nikitaka kumwonyesha mtu muundo uliojua mahali pa kuweka kitu kidogo kinachoulizwa mara nyingi, namwonyesha huu.

Na kila kiini cha prosesa, yaani kila sehemu yake inayoweza kuendesha kazi peke yake, kilipewa foleni yake na kufuli lake. Hilo nitalirejea.

Kipanga kazi hicho hakikuondolewa kwa sababu ya kache. Kiliondolewa kwa sababu kanuni zake za kubahatisha nani ni mtumiaji aliye mbele ya skrini na nani ni kazi ya nyuma zilikuwa ngumu kuzitengeneza na kuzitunza. Mwaka 2007, katika Linux 2.6.23, nafasi yake ikachukuliwa na kipanga kazi cha haki, chake Molnar pia, ambacho huweka kazi kwenye mti mwekundu-mweusi, aina ya mti unaojisawazisha usirefuke upande mmoja, kwa mpangilio wa muda ambao kila moja imekwisha kuupata. Aliyepata kidogo yuko kushoto kabisa. Na tangu Linux 6.6, Oktoba 2023, kerneli inafuata kanuni nyengine, EEVDF (Earliest Eligible Virtual Deadline First), aliyoiingiza Peter Zijlstra kutoka kwenye kazi ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Mti umebaki, lakini kila tawi sasa linabeba muhtasari wa walio chini yake, ili apatikane mwenye makataa ya karibu miongoni mwa wanaostahiki.

Mti una adabu nzuri kwa hesabu ya hatua. Kwa kache una ugumu wake. Kila kifundo cha mti, yaani kila mahali matawi yanapogawika, kimo ndani ya maelezo ya kazi fulani, na maelezo hayo ni kilobaiti kadhaa. Kwa hivyo kila hatua ya kuteremka mtini ni mstari mpya, mahali papya. Na kibaya zaidi ni kwamba hujui uende wapi mpaka mstari wa kwanza ufike: kielekezi kimo ndani yake. Prosesa haiwezi kuagiza mistari mitano kwa pamoja ikaingoja kwa mara moja. Inangoja mmoja, inasoma, inaagiza wa pili, inangoja tena. Mistari mitano ikiwa yote imo kumbukumbu kuu, ni nanosekunde 500 za kukaa bure. Waandishi wa kerneli wanalijua hilo, na kwa miaka mingi walihifadhi kielekezi cha kifundo cha kushoto kabisa pembeni, ili kumchagua anayefuata kusihitaji kuteremka mti. Kuingiza na kutoa ndiko kulikobaki na gharama.

Hapa kijana mmoja alininyooshea mkono akauliza: kwa hivyo hesabu ya hatua tuliyofundishwa ni bure? Si bure. Kazi zikiwa elfu kumi, orodha ya kupitiwa yote itakushinda hata ikiwa imepangwa vizuri kiasi gani. Lakini kwenye kompyuta ya mezani au simu, foleni ya kiini kimoja huwa na kazi mbili, tatu, tano zilizo tayari; nyengine zote zimelala, zinangoja mtandao au kidole cha mtu. Kwa idadi hiyo hatua hazina tofauti ya maana, na mistari ina tofauti kubwa. Mwenye kubuni lazima ajue foleni yake ina urefu gani kwa kawaida, si urefu gani kwa nadharia.

Basi tubuni yetu. Tuseme kiini kimoja, na foleni ambayo mara nyingi haipindukii kazi 16. Kumchagua anayefuata kunahitaji nini? Kunahitaji kulinganisha nambari moja kwa kila kazi, ule muda iliokwisha kupata. Jina halihitajiki, mafaili yaliyofunguliwa hayahitajiki, mzazi wake hahitajiki. Nambari tu. Kwa kawaida huwekwa kama baiti 8 za nanosekunde. Lakini sisi hatutaki muda tangu mashine iwake. Tunataka tofauti kati ya kazi na kazi. Tukiweka msingi mmoja wa foleni, kila kazi inabaki na tofauti yake kutoka kwenye msingi, na tofauti inaingia kwenye baiti 4.

Inaingia kweli? Biti 32 zenye alama ya kujumlisha au kutoa hufika takriban sekunde 2.1 za nanosekunde kila upande. Ni kidogo, kazi iliyocheleweshwa kwa sekunde tatu ingeonekana imetangulia, na hilo ni kosa baya sana. Ondoeni biti kumi za chini, yaani hesabuni kwa vipimo vya nanosekunde 1024, na mnapata zaidi ya dakika 36 kila upande. Kerneli ya Linux yenyewe inafanya hivyo hivyo, inahesabu kwa vipimo vya 1024, pale inapofuatilia mzigo wa kila kazi. Usahihi wa chini ya mikrosekunde moja hauna faida kwa uamuzi wa nani afuate.

Sasa baiti 4 mara 16 ni 64. Funguo za kazi zote 16 zimeingia katika mstari mmoja. Safari moja, kisha ulinganisho 15 ndani ya kache, au pungufu ya hapo ukitumia amri zinazolinganisha nambari kadhaa kwa mpigo. Vielekezi vya kazi zenyewe viko kwenye safu nyengine, baiti 8 mara 16, mistari miwili, na unagusa mmoja tu, ule wa aliyeshinda. Linganisheni na mti wa kazi 16, hatua nne au tano, kila hatua ikingoja iliyotangulia.

Foleni ikipindukia 16? Hapo mimi ningetumia lundo, yaani mti unaowekwa ndani ya safu na anayefuata akiwa juu daima, tena la matawi manne, si mawili. Anthony LaMarca na Richard Ladner walionyesha mwaka 1996 namna kache inavyobadilisha hukumu juu ya malundo. Kila mlango, yaani nafasi ya kazi moja ndani ya lundo, uwe baiti 16: ufunguo, namba ya kazi, uzito. Watoto wanne ni baiti 64. Lakini watakuwa mstari mmoja kwa sharti kwamba kundi lao linaanzia mwanzo wa mstari, na hili husahauliwa. Mzizi uko nafasi ya sifuri, watoto wake nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Mkiuweka mzizi mwanzoni mwa mstari, kila kundi la watoto linakatika: watatu huku, mmoja kule. Mzizi unatakiwa ukae baiti 48 baada ya mwanzo wa mstari, ili mtoto wa kwanza aangukie 64. Ukilipanga hivyo, kazi 64 zina ngazi nne na unagusa mistari minne ya lundo kuteremka mpaka chini. Mti mwekundu-mweusi wa kazi 64 ungekugharimu sita, saba.

Kuna mtego mmoja hapo nao ni mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Kazi inaweza kuondolewa katikati ya foleni: mtu kaizima, au imehamishwa kiini chengine. Ili uiondoe lazima ujue iko nafasi gani ya lundo. Wengi huandika nafasi hiyo ndani ya maelezo ya kazi. Basi kila mara milango miwili inapobadilishana ndani ya lundo, mnakwenda kuandika kwenye maelezo ya kazi mbili, mahali pawili pa mbali, na faida yote ya lundo imepotea. Nafasi hizo ziwekwe kwenye safu yake ndogo, baiti 2 kwa kila kazi ya foleni hii, 32 katika mstari mmoja. Huu ndio ubunifu wa muundo kwa ajili ya kache: kila kitu kinachoguswa wakati mmoja kikae pamoja, na kisichoguswa wakati huo kisikaribie.

Wala sisemi kerneli ya Linux imekosea kubaki na mti. Kifundo kikiwa ndani ya kazi yenyewe, kuiingiza kazi kwenye foleni hakuhitaji kuomba kumbukumbu, kwa hivyo hakuwezi kushindwa. Safu ina mwisho, na lazima ujibu swali la itakapojaa. Lugha ya Go, ambayo ina kipanga kazi chake ndani ya programu, imejibu hivi: kila mtendaji ana foleni ya nafasi 256, na ikijaa nusu yake inapelekwa foleni ya wote. Ni jibu zuri kwa Go. Mwenye kubuni kerneli ana masharti mengine, na anastahiki kusikilizwa kabla ya kulaumiwa.

Niseme haraka juu ya mpangilio wa sehemu ndani ya muundo, maana kila mmoja wenu anaweza kuufanya leo. Chukueni muundo huu wa lugha ya C: hali, baiti 1, kielekezi, 8, kipaumbele, 1, muda, 8, uzito, 4. Jumla halisi ni baiti 22. Mkusanyaji programu, yaani kompaila, ataufanya 40, kwa sababu sehemu ya baiti 8 lazima ianze kwenye anwani inayogawika kwa 8, na mapengo hujazwa hewa. Pangeni kubwa kwanza, ndogo mwisho: unakuwa 24. Hakuna kilichobadilika katika programu. Ipo zana iitwayo pahole, kazi ya Arnaldo Carvalho de Melo, inayokuonyesheni mapengo haya moja moja na mahali mstari wa kache unapokatikia. Ielekezeni kwenye kerneli yenyewe, muone wakubwa wanavyopanga.

Sasa viini vingi. Tulisema kila kiini kina foleni yake. Tatizo ni kwamba viini vinashirikiana kwa mistari, si kwa sehemu. Kiini cha kwanza kikiandika baiti yoyote ya mstari, nakala ya mstari huo kwenye kiini cha pili inabatilishwa yote, hata kama cha pili kilikuwa kinatumia baiti nyengine kabisa. Mkiweka hesabu ya kiini hiki na hesabu ya kiini kile ubavu kwa ubavu, programu haina hata sehemu moja inayoshirikiwa, na bado mstari unarushwa huku na huku mchana kutwa. Kuongeza viini kunaifanya programu iwe ya polepole zaidi, na mwandishi anashika kichwa.

Kwa hivyo mimi hugawa data ya foleni mafungu matatu: ninayoiandika na kuisoma peke yangu; ninayoiandika mimi na wenzangu wanaisoma, kama vile kiasi cha mzigo; na wanayoiandika wenzangu, kama vile sanduku la kazi walizoniamshia. Kila fungu na mstari wake. Linux inafanya hivyo waziwazi: foleni ya kila kiini inaanzia mwanzo wa mstari, na ndani ya maelezo ya kila kazi takwimu za mzigo, ambazo hubadilika kila mara, zimewekwa kwenye mstari wa peke yake zisivuruge sehemu ambazo aghalabu husomwa tu. Nafasi inapotea, ndiyo. Baiti chache zilizopotea hapo ni rahisi kuliko mstari mmoja unaorushwa.

Na kipanga kazi kina deni kwa kache za wengine pia. Kuihamisha kazi kutoka kiini hadi kiini ni kuiacha data yake nyuma. Linux kwa kawaida huichukulia kazi kuwa bado ina joto la kache ikiwa ilikuwa ikiendeshwa ndani ya nanosekunde 500,000 zilizopita, yaani nusu milisekunde, na husita kuihamisha.

Namna ya kupima ina hatari yake. Mkiandika jaribio linalobadilisha kazi mbili tupu mara milioni, data ya kipanga kazi itakaa kache ya kwanza muda wote, na kila muundo utaonekana mzuri. Mti na safu vitatoka sare. Katika maisha, baina ya kuitwa na kuitwa kuna mtu aliyekuwa akifanya kazi yake, na amekwisha kuijaza kache. Jaribio la kweli ni lile ambalo kila kazi, kabla ya kuachia prosesa, inapitia data ya kutosha kujaza kache ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo mistari inapojieleza. Tumieni perf, zana ya Linux ya kupima mwenendo wa programu, kuhesabu data iliyokosekana kwenye kache, na perf c2c kuona mstari gani unagombaniwa na viini gani.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: mambo haya si ya watu wa Marekani na viwanda vyao? Nilimwambia, na nakuambieni nyote, kwamba ni yetu kuliko yao. Prosesa ya seva ya AMD EPYC 7773X ina kache ya ngazi ya tatu ya MB 768. Raspberry Pi 3, kompyuta ambayo kijana wa hapa anaweza kuinunua na kujifunzia, ina kache ya pili ya KB 512 kwa viini vyake vyote vinne, na ya tatu haina. Moja ni kubwa mara 1536 kuliko nyengine. Tena viini vya Pi hiyo ni Cortex-A53, aina iliyotiwa kwenye simu nyingi za bei nafuu, navyo hutekeleza amri kwa mpangilio zilivyoandikwa. Prosesa kubwa data ikichelewa hutafuta amri nyengine za mbele ikazifanya. A53 haina uwezo huo. Amri inayoihitaji data ikisimama, zote zilizo nyuma yake zinasimama. Mhandisi anayepima muundo wake kwenye seva pekee hatauona uzito wake. Utaonekana Wete na Mkoani, kwenye simu ya mama anayengoja ujumbe wa pesa ufunguke, na kwenye kompyuta ya maabara ya skuli iliyokwisha kutumika miaka mingi ofisini kwa watu wengine.

Nani basi atapima kwenye mashine hizi kama si nyinyi mlio nazo? Programu ya kerneli ni wazi, kila mtu anaweza kuisoma na kupeleka rekebisho lake, na rekebisho lenye vipimo vya mashine ndogo lina uzito, kwa sababu wengi wa wanaopeleka hawana mashine hizo mezani.

Tutaacha kwa sala ya Alasiri, kisha tukutane maabara. Kila mmoja aje na muundo mmoja kutoka kwenye programu yake mwenyewe, hata ikiwa ni ya duka au ya mahudhurio ya skuli. Tutaupitisha kwenye pahole, tuandike ubaoni unagusa mistari mingapi katika kazi yake ya kila mara, tuupange upya, tupime tena kwenye Pi zile nne zilizo juu ya meza. Wenye kompyuta zao waziwekee perf kabla, maana intaneti ya jengo hili inachoka jioni.